Kuupanga Upya Ua wa Nyumba Mteremkoni: Tuanze na Maji

Katika Wilaya ya Lushoto kiwanja tambarare ni nadra; mara nyingi huchongwa. Mjenzi huukata ubavu wa mlima kwa jembe na sururu, udongo uliokatwa akaumwaga upande wa chini, kisha nyumba ikasimama, nusu juu ya ardhi ya asili na nusu juu ya kifusi. Nyuma yake hubaki hatua chache tu kati ya jiko na ukuta wa udongo uliochongwa. Hapo ndipo uani. Kuku hula hapo, nguo huanikwa, kuni hupangwa, watoto hucheza, na mara nyingi ng'ombe wa maziwa ana banda lake pembeni. Mvua inaponyesha, maji ya mlimani nayo hufikia hapo hapo.

Wakazi wengi siku hizi wanatamani kuupendezesha ua huo: kuusakafia, kupanda maua, kuweka miti ya matunda na bustani ndogo ya mboga. Hamu hiyo ni njema. Makala hii inamwomba mkazi aanze tu na jambo ambalo aghalabu huachwa mwisho, nalo ni maji. Kanuni ni moja, na karibu yote yanayofuata yanatokana nayo: maji yaliyo juu ya nyumba yaongozwe pembeni, maji yaliyo chini ya nyumba yazuiwe ili ardhi iyanywe. Tumezoea kufanya kinyume. Tunachimba shimo la takataka au la mbolea juu kabisa ya ukingo, likajaa maji na kuulowesha ukuta wa udongo, huku chini ya nyumba tukiacha mteremko mtupu unaochukuliwa na kila mvua.

Mpango wa ua hauhitaji karatasi kwanza, unahitaji mwavuli. Mvua kubwa inaponyesha mchana, na mradi hakuna radi, mwenye nyumba asimame nje kwa robo saa aangalie maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Mvua ikikatika, aweke vijiti mahali hapo. Hata fundi hodari hawezi kuyaona hayo akija wakati wa kiangazi.

Kisha atazame paa. Milimita 1 ya mvua ikiangukia mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,200. Kama paa lina migongo miwili na halina mfereji wa bati, ambao mafundi huuita gata, lita 600 huanguka uani kwenye mstari ule ule mmoja, mguuni mwa msingi. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya kuutengeneza ua inunue gata na tangi, hata kabla ya mche wa waridi. Tangi lifunikwe vizuri, kwa maana mbu huhitaji siku chache tu za maji yaliyotuama kukuza kizazi kipya, na maji ya ziada yapelekwe kwa bomba hadi upande wa chini wa nyumba.

Maji ya mlimani hukingwa kwa mfereji unaochimbwa juu ya ukuta wa udongo, mita kadhaa nyuma ya ukingo wake. Kama ardhi hiyo ni ya jirani, ni lazima kukubaliana naye kwanza. Mfereji huu usiwe wa kulaza maji. Unapaswa kushuka polepole kuelekea pembeni, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu jicho la mtu aliyezaliwa milimani halisemi kweli kuhusu usawa. Kifaa cha kusaidia ni fremu ya herufi A, ambayo kila kaya inaweza kujitengenezea.

Miti miwili minyoofu ya zaidi kidogo ya mita 2 hufungwa pamoja kwenye ncha za juu, na miguu yake ikaachanishwa kwa mita 2. Mti wa tatu hukingamishwa katikati. Kamba yenye jiwe huning'inizwa kutoka kileleni ili ipite mbele ya mti huo wa kukingama. Fremu husimamishwa juu ya vigingi viwili, na pale kamba inapotulia alama ikawekwa; kisha hugeuzwa, mguu wa kulia ukakaa pa kushoto, alama ya pili ikawekwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kwa mfereji wa kuongoza maji, kijibao cha unene wa sentimita 1 hufungwa chini ya mguu unaotangulia kuelekea upande wa kutolea maji. Kamba ikisimama kwenye alama ya katikati, mahali pa mguu huo pako chini kwa sentimita 1 katika mita 2, mteremko unaotosha kuyasogeza maji bila kuyapa nguvu ya kuchimba. Kigingi hupigwa, fremu husogezwa mbele, na kazi huendelea hivyo hadi mwisho wa mstari.

Mwisho huo wa mstari unahitaji fikra nyingi kuliko mfereji wenyewe. Maji yakiachwa njiani yataikata njia. Yakiachwa juu ya nyumba ya jirani yataleta kesi. Yapelekwe kwenye bonde la asili au kwenye mkondo uliooteshwa nyasi. Pale nyumba zinapopandana ubavuni mwa kilima, mmoja hawezi kulimaliza jambo hili peke yake. Majirani wa juu na wa chini wakae pamoja, na mwenyekiti wa kitongoji awepo. Wakishindwa kupatana, Baraza la Kata lipo kwa ajili ya usuluhishi.

Sasa ukuta wa udongo wenyewe. Kosa kubwa kuliko yote ni kuuchimba mguuni ili kupata nafasi ya banda au ya kuanikia nguo. Udongo wa mguuni ndio unaoushikilia ule wa juu. Nafasi ikihitajika, ipatikane kwa kukata kutoka juu, ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikiwa fupi na yenye kina cha kutosha kupandwa. Kwenye ukingo wa kila ngazi hupandwa gwatemala au vetiva kwa mstari. Vipando vya vetiva hutenganishwa kwa sentimita 10 hadi 15 mwanzoni mwa mvua, na mizizi yake hushuka wima kwa kina kirefu bila kutambaa hadi bustanini. Gwatemala ina faida nyingine ambayo wafugaji wetu hawahitaji kuelezwa: ng'ombe huila. Ikikatwa, yaachwe mashina ya kutosha ichipue.

Migomba haifai kwenye ukingo huo. Ni mizito, mizizi yake ni ya juu juu, na udongo ukilowa huanguka na kuteremka na ngazi nzima. Mkaratusi nao uwekwe mbali na nyumba. Anayejenga ukuta wa mawe aache matundu ya kutolea maji, kwani maji yaliyofungiwa nyuma ya ukuta huusukuma, na ukuta mrefu usijengwe bila kibali na ushauri wa mhandisi wa halmashauri.

Kuhusu sakafu ya saruji, mwandishi hana ugomvi nayo mlangoni mwa jiko, ambako tope huchosha kila mtu. Lakini ua mzima ukisakafiwa, maji yaliyokuwa yakinywewa na ardhi yote hukimbilia kwa jirani wa chini. Mawe bapa yaliyopangwa juu ya kokoto, na nyasi kati yake, hufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo.

Upande wa chini wa nyumba ndiko bustani inakostahili kuwa. Hapo fremu hutumika bila kijibao, ili makinga maji yafuate usawa kamili na kulaza maji. Kati ya mistari hiyo hupandwa mboga, na ukutani pa kinga maji miti ya matunda inayostawi katika baridi yetu: plamu, peasi, fyulisi. Mparachichi hukua sana, hivyo usiwe karibu na msingi. Migomba iliyokataliwa juu hupata makao yake hapa, panapotokea maji ya bafuni. Mboga zinazoliwa mbichi zisimwagiliwe maji hayo, wala zisipandwe kando ya choo cha shimo. Ua unaoteremka hadi mtoni una mpaka wake kisheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Kazi ya kuchimba ifanyike Januari na Februari, au baada ya baridi kabla ya mvua za vuli, na kupanda kusubiri mvua za kwanza. Afisa ugani wa kata anaweza kuombwa afike kukagua mstari kabla jembe halijaanza, jambo lililo rahisi kuliko kuufukia mfereji uliokosewa.

Kuna nyua ambazo hazipaswi kusubiri zamu ya bustani. Mkazi akiona ufa uliolala sambamba na ukingo wa ukuta wa udongo, au mti ulioanza kuinama, au maji yakichuruzika mahali palipokuwa pakavu, au mlango wa nyuma ulioanza kukwama bila sababu, asianze kuchimba chochote. Ufa ujazwe udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa maji yasiingie, wakati hakuna mvua na mtu akiwa amesimama upande wa juu wa ufa. Mtendaji wa kijiji apewe taarifa siku hiyo hiyo. Vyumba vinavyotazama ukuta huo visilalwe usiku wa mvua, wala usiku unaofuata, kwa kuwa udongo uliolowa huweza kuporomoka hata mvua ikiwa imekwisha katika.