Tairi la Masika kwa Gari Dogo

Somo letu la leo ni juu ya kuchagua kipimo cha tairi kinachofaa gari dogo wakati wa mvua. Tafadhali chukueni kalamu na karatasi, kwa maana iko hesabu kidogo.

Katika nyanda za juu za Kigoma mvua huanza yapata Oktoba au Novemba, huendelea mpaka Aprili au Mei. Miezi hiyo barabara za udongo mwekundu ziendazo vijijini huteleza kama sabuni. Na gari dogo ndilo lichukualo maharage sokoni. Usiku ndilo limpelekalo hospitali mama aliyeshikwa na uchungu. Likinasa katika tope, au likiteleza mtelemkoni, hasara si ya fedha tu.

Kwanza, tujue kusoma tairi. Tazama ubavuni mwake, utaona maandishi kama haya: 175/65 R14 82T. Namba 175 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 maana yake kimo cha ubavu ni sehemu 65 katika kila 100 za upana huo, yaani milimita 113.75. R yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Namba 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 82 ni ya mzigo: tairi moja laweza kubeba kilo 475. T ni ya mwendo, usiozidi kilomita 190 kwa saa.

Pili, tupate kimo cha tairi zima. Inchi 14 ni milimita 355.6. Ongeza mbavu mbili, wa juu na wa chini, ambazo ni 227.5. Jumla ni milimita 583.

Sasa, wenye magari wengi hupenda kuweka tairi kubwa ili gari liinuke. Tuseme umenunua 185/70 R14. Fanya hesabu ile ile, utapata milimita 615. Limezidi kwa 32, lakini gari litainuka nusu yake tu, yaani milimita 16, kwa kuwa nusu nyingine iko juu ya ekseli. Na gharama yake ni nini? Ukikata kona, au ukiingia shimoni na abiria wanne, tairi laweza kukwaruza madigadi. Kipima mwendo kikionyesha 80, kwa kweli unakwenda 84. Injini itachoka zaidi mlimani, na breki zitafanya kazi zaidi mtelemkoni.

Basi shikeni kanuni hii: kimo kisizidi wala kupungua zaidi ya sehemu 3 katika 100 ya kile cha asili. Kipimo cha asili kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi pembeni mwa mlango wa dereva, pamoja na kiasi cha hewa. 185/65 R14 lina milimita 596. Limo ndani ya kanuni. 165/70 R14 lina milimita 587, na kwa kuwa ni jembamba hukata tope jepesi likafikia udongo mgumu. Lakini angalia namba ya mzigo: isipungue ile ya tairi la asili. Kabla ya kulipa, mwambie fundi afunge moja la mbele, kisha zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uone kama linagusa popote.

Tatu, jihadharini na matairi ya theluji. Magari mengi ya mitumba hutoka Japani, na kaskazini ya nchi ile theluji huanguka nyingi. Mengine huja yamevaa matairi yenye neno STUDLESS. Mpira wake ni laini, umekusudiwa baridi iliyo chini ya nyuzi 7. Juu ya lami yetu yenye joto huisha upesi, na gari huchelewa kusimama. Usidanganywe na wingi wa meno yake. Alama ya M+S ni jambo jingine: ni matope na theluji, na tairi la kawaida lenye alama hiyo na meno yaliyoachana laweza kukufaa.

Nne, tazama umri na kashata. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT mna tarakimu nne: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Kashata zikibaki milimita 1.6 tairi limekwisha. Lakini kwa mvua, afadhali ubadili zikifika milimita 3.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:
1. Tairi la 185/65 R15 lina kimo gani?
2. Kwa nini gari huinuka nusu tu ya kile kilichozidi?
3. Nendeni kwenye gari lililo karibu. Je, matairi yake yote manne yana kipimo kimoja, na yalitengenezwa mwaka gani?