Biashara ya flashi: mteja hununua namba

Ukipita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ukaona flashi iliyoandikwa TB 2 inauzwa kwa bei inayokaribiana na ya GB 64 iliyo kando yake, iache hapo hapo. Chipu za kuhifadhia data hutengenezwa na kampuni chache duniani, zikiwemo Samsung, SK Hynix, Micron na Kioxia ya Japani. Bei huanzia huko kiwandani, na hakuna mwenye duka anayeweza kuishusha kiasi hicho.

Kinachofanyika ni hiki. Pamoja na chipu ya kuhifadhi, ndani mna nyingine ndogo inayoiongoza, na hiyo ndiyo inayoiarifu kompyuta nafasi iliyopo. Walaghai huipanga upya itaje TB 2 wakati nafasi halisi ni GB 16 au 32. Unanakili video ya harusi, jina la faili linaonekana, ukubwa wake unaonekana. Siku unayotaka kuitazama, haifunguki. Nafasi halisi ikishajaa, data mpya hupotea au hufuta ya zamani, wala hakuna onyo lolote. Mteja anaumia, na mfanyabiashara aliyeagiza mzigo halali anaumia pia, maana hana namna ya kushindana na namba ya uongo.

Dawa ipo, tena ya bure. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, huijaza flashi yote kisha huisoma tena kuthibitisha kila kilichoandikwa. Kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa, haiwezekani ukiwa umesimama dukani. Kwa hiyo dai risiti na mkubaliane kabisa kuhusu kurudisha. Muuzaji anayekataa, nenda duka la pili. Ila GB 64 ikisoma 59 na ushei, usimgombeze mtu: kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.

Kwa kompyuta ya nyumbani, GB 64 ya USB 3 inatosha watu wengi. Jina la USB 3 pekee halihakikishi kasi ya kuandika, basi soma kasi iliyotajwa kwenye kifungashio. Filamu inayozidi GB 4 ikikataa kuingia, kagua mfumo wa faili: FAT32 haipokei faili la ukubwa huo, exFAT hupokea, ingawa baadhi ya televisheni za zamani haziisomi.