Chanjo ya Kuku na Wadudu wa Ngozi



Katika mikutano yetu hapa Kabras lalamiko moja hurudi kila mara: "Tulichanja kuku, mbona wamekufa?" Wengine hata wameacha kuchanga pesa za chanjo. Kabla hatujailaumu chanjo, hebu tumkague kuku mwenyewe.

Chanjo ya kideri, yaani Newcastle, haitibu. Huufundisha mwili wa kuku kutengeneza askari wake, na kazi hiyo huchukua kama wiki 2. Askari hao hutokana na chakula cha kujenga mwili, kama mchwa na omena. Sasa kuku anayenyonywa damu usiku kucha atawatoa wapi? Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa, usiku hutoka kunyonya. Viroboto hung'ang'ania kichwani. Chawa hutafuna ngozi na manyoya hata kuku akose usingizi. Vifaranga wanaweza kufa kwa kupungukiwa damu tu.

Tena mambo haya huenda pande zote mbili. Kuku mzima hujitetea kwa kuoga vumbi na kujichambua manyoya kwa mdomo. Akiugua huacha, nao wadudu huzidi. Ndiyo maana chanjo hupewa kuku wazima.

Basi, wiki 2 kabla ya siku ya chanjo, tufanye hivi:

1. Tukague chini ya mbawa na mkia, na usiku tumulike nyufa kwa tochi. Upanga wa kichwani uliopauka ni dalili ya kukosa damu.

2. Tuondoe kinyesi, tuchome nyasi kuukuu za viota, tukandike nyufa.

3. Tuwawekee kuku jivu kavu na mchanga wa kuoga. Viroboto wa kichwani tuwapake mafuta ya mgando, bila kugusa macho ya kuku.

4. Wadudu wakizidi, tununue unga wa kuku kwa agrovet, tufuate vipimo vya karatasi, tena turudie kama tulivyoelekezwa, kwa maana mayai yao hubaki. Dawa ya kuogesha ng'ombe tusiikisie kuku. Inaweza kuwaua.

Lakini usafi peke yake hauzuii kideri. Chanjo irudiwe kila miezi 3 au 4, boma zote pamoja.

Kuku ndiye ingokho ya mgeni, na ndiye karo ya mtoto pesa za miwa zikichelewa. Tumtunze.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.