Mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani



Huenda umewahi kuona mtu mzima ameamka asubuhi, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa upande mmoja hauna nguvu, maneno hayatoki. Wengine husema amerogwa. Ugonjwa huo ni kiharusi. Mshipa wa damu ndani ya ubongo umeziba au umepasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Sababu kubwa ni presha iliyopanda kwa miaka bila kutibiwa.

Dalili hizo zikianza, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Usimpe aspirini kabla hajapimwa: kama mshipa umepasuka, dawa hiyo huongeza kutoka damu. Sisi hapa tunataka kuzungumza juu ya siku zinazofuata, akisharuhusiwa kurudi nyumbani. Hapo muuguzi ni wewe. Wako wagonjwa wanaopona kiharusi chenyewe, kisha wanakufa kwa vidonda vya kulala au kwa chakula kilichoingia mapafuni.

Kumgeuza

Mtu asiyeweza kujigeuza hupata vidonda pale mfupa unapogusa godoro au mkeka: juu ya matako, nyonga, visigino, viwiko. Mgeuze kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Upande mmoja, mgongo, upande wa pili. Kila unapomgeuza, angalia ngozi. Kwetu watu weusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuta mahali palipokuwa peusi zaidi, pa moto au pagumu. Ukipaona, asilalie tena upande huo, wala usipakande. Kunja blanketi uliweke chini ya miguu ili visigino vining'inie. Turubai tupu chini ya ngozi hutunza jasho na mkojo, tandika kitenge juu yake. Akijikojolea mwoshe kwa maji na sabuni, umkaushe. Usimnyime maji ya kunywa eti asilowe.

Usimvute kamwe kwa mkono uliopooza. Bega lake huteguka upesi, na maumivu yake hukaa miezi. Mshike kiunoni au mgongoni.

Kumlisha

Usimlishe akiwa amelala au anasinzia. Mkalishe wima kabisa, umwegemeze ukutani, kichwa kiinamie mbele kidogo. Anza na kijiko kidogo cha maji. Akikohoa, akipaliwa, au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, acha, mpeleke zahanati wamwangalie. Watu hushangaa kusikia kwamba maji ndiyo humpalia mgonjwa huyu kuliko uji mzito, lakini ndivyo ilivyo, kwa sababu maji hukimbia upesi kabla koo halijajifunga. Toa vijiko vidogo upande wenye nguvu, ngoja ameze. Mwisho angalia ndani ya shavu lililolegea: ugali hubaki humo bila yeye kujua. Abaki amekaa kwa nusu saa.

Kusema naye

Aliyepooza upande wa kulia mara nyingi hupoteza usemi, kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza vyote viwili. Huenda anakusikia na kukuelewa vizuri. Basi usimpigie kelele kama kiziwi, wala usizungumze habari zake mbele yake kana kwamba hayupo. Muulize maswali ya ndiyo na hapana, ajibu kwa kichwa au kwa kubana mkono wako.

Mkono na mguu uliolegea, uukunje na kuunyoosha polepole asubuhi na jioni ili viungo visikauke. Dawa ya presha ni ya kila siku, hata akijisikia mzima. Nenda kuchukua nyingine kabla haijaisha.

Tunaona pia kwamba kazi hii yote huachiwa binti mmoja, naye anaacha shule. Gawaneni zamu, na wanaume wamo. Kumgeuza mtu mzima usiku kunataka mikono yenye nguvu.

Mrudishe zahanati siku hiyo hiyo ukiona ngozi imechubuka, homa na kukohoa, mguu mmoja umevimba na unauma, degedege, au usingizi usioamshika. Kama hawezi kubebwa, mwite mhudumu wa afya wa mtaa wako aje nyumbani.