Nyanya Wakati wa Baridi
Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu huifunika Nairobi siku nyingi. Katika bustani za Kangemi na Kawangware nyanya hukawia kuiva, na unyevu ukizidi hushikwa na ukungu: majani hufanya madoa meusi, na kwa siku chache shamba zima huweza kuteketea. Ndipo mwenye bustani naye huenda Marikiti, katikati ya mji, kununua nyanya za watu.

Yafaa kujiweka tayari mapema. Mwezi wa Februari, jua likiwa kali, nyanya zilizozidi zikatwe vipande vyembamba, zitiwe chumvi, zianikwe juu ya wavu na kufunikwa kitambaa kuzuia inzi. Jioni ziingizwe ndani, zisipate umande. Zikikauka kabisa, zitiwe katika chupa yenye kifuniko cha kukaza. Mwezi wa Julai vipande vichache, vikirowekwa katika maji ya moto, hutosha kuunga sukuma wiki. Kwa kachumbari, kweli, havifai.