Kimakonde katika programu huria za kompyuta

Data za Kimakonde katika programu huria ni majina ya siku na miezi, pamoja na namna ya kuandika tarehe, saa, tarakimu na fedha, yaliyowekwa katika hifadhi ya pamoja ambayo mifumo mingi ya kompyuta huitumia. Kimakonde ni lugha ya Kibantu inayosemwa katika mkoa wa Mtwara nchini Tanzania, hasa Newala na Tandahimba kwenye uwanda wa juu wa Makonde, na pia Masasi, chini ya uwanda huo upande wa magharibi, ambako inakutana na Kimakua na Kiyao. Ng'ambo ya mto Ruvuma inasemwa nchini Msumbiji.

Data hizo zilianza kutolewa mwaka 2010. Kuwemo kwake hakumaanishi kwamba menyu na maelezo ya programu yanasomeka kwa Kimakonde. Kutafsiri menyu ni kazi tofauti, ndefu zaidi, na isiyokwisha.

Programu huria na eneokazi

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake wa chanzo uko wazi, hivyo kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuwagawia wengine. Eneokazi ni sehemu ya mfumo anayoiona mtumiaji akiwasha kompyuta: madirisha, aikoni, menyu na saa iliyoko pembeni ya skrini. Kwenye mfumo endeshi wa Linux kuna maeneokazi kadhaa. Mawili yanayojulikana zaidi ni KDE, lililoanzishwa mwaka 1996 na Matthias Ettrich, wakati huo mwanafunzi huko Tübingen, Ujerumani, na GNOME, lililoanzishwa mwaka 1997 na Miguel de Icaza na Federico Mena wa Mexico.

Jina KDE lilitungwa kama mzaha juu ya CDE, eneokazi la kibiashara la mifumo ya Unix. Kwa bahati tu, kde ndiyo pia herufi tatu zinazowakilisha lugha ya Kimakonde katika kiwango cha kimataifa cha ISO 639-3, kilichochapishwa mwaka 2007. Hakuna uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili, lakini anayetafuta habari za Kimakonde katika mafaili ya kompyuta atapotezwa mara nyingi na eneokazi hilo. Faili la tafsiri hupewa jina kwa msimbo wa lugha: la Kiswahili ni sw.po, na la Kimakonde lingekuwa kde.po.

Hifadhi ya CLDR

Hifadhi inayotunza data hizo huitwa CLDR, nayo inasimamiwa na shirika la Unicode, lilelile linalogawa namba kwa herufi za maandishi yote duniani. Kila lugha ina faili lake. Kimakonde kiliingia katika toleo la 1.8 pamoja na lugha nyingine nyingi za Afrika, zikiwemo Kimachame, Kivunjo, Kirombo, Kipare na Kirangi za Tanzania. Programu nyingine huchota humo bila kuandika upya. Qt, maktaba ya programu ambayo eneokazi la KDE limejengwa juu yake, huchukua data zake za lugha kutoka CLDR na hivyo inakitambua Kimakonde. Lugha ya Java nayo hufanya hivyo. Kompyuta nyingi za Newala na Masasi kwa hiyo zina kalenda ya Kimakonde ndani yake, ingawa ni nadra kwa mwenye kompyuta kujua kwamba ipo.

Lugha yenyewe imejiandikisha humo kwa jina la Chimakonde, na nchi yake ni Tanzania peke yake. Msumbiji lugha hiyo huandikwa Shimakonde, kwa tahajia nyingine.

Siku, miezi na saa

Majina ya siku yanafuata hesabu ileile ya Kiswahili, ambayo juma huanza Jumamosi. Jumamosi ni Liduva litandi, yaani siku ya kwanza, Jumapili ni Liduva lyapili, Jumatatu Liduva lyatatu, Jumanne Liduva lyanchechi na Jumatano Liduva lyannyano. Baada ya hapo Kiswahili kinaacha kuhesabu na kutumia Alhamisi na Ijumaa, maneno yenye asili ya Kiarabu. Kimakonde kinaendelea kwa tano: Alhamisi ni Liduva lyannyano na linji, "tano na nyingine", na Ijumaa ni Liduva lyannyano na mavili, "tano na mbili". Juma zima limehesabiwa bila kukopa jina.

Miezi nayo imehesabiwa hivyohivyo. Januari ni Mwedi Ntandi, Mei ni Mwedi wa Nnyano, Juni ni Mwedi wa Nnyano na Umo, Oktoba ni Mwedi wa Nnyano na Nnyano. Hapo ndipo penye kasoro inayoonekana wazi kwa yeyote anayeijua lugha. Novemba imeandikwa Mwedi wa Nnyano na Nnyano na U, na Desemba Mwedi wa Nnyano na Nnyano na M. Herufi za mwisho ni mabaki ya Umo na Mivili. Maneno yamekatwa katikati, na yakatolewa hivyo kwa dunia nzima. Vifupisho vya miezi havikuhesabiwa kabisa; vimeandikwa kama vya Kiswahili: Jan, Feb, Mac, Apr, Mei na kuendelea.

Saa zina tatizo la aina nyingine. Kompyuta zimegawa siku nusu mbili, kabla na baada ya saa sita mchana. Katika data za Kimakonde nusu ya kwanza imeitwa Muhi, yaani mchana, na ya pili Chilo, yaani usiku. Mtumiaji akichagua saa za 12 badala ya 24, saa nane mchana itaonyeshwa kama 2:00 Chilo, na saa nane usiku kama 2:00 Muhi. Mkulima wa korosho anayepanga kufika ghalani saa nane hawezi kuelewana na kompyuta ya namna hiyo. Kosa hapa si la maneno yaliyochaguliwa. Ni la fomu iliyotaka majibu mawili kwa watu ambao siku yao huanza jua linapochomoza.

Kwa wasemaji wengine wa Masasi hali ni tofauti. Kimakua kimo katika CLDR kupitia Kimakua cha Meetto, msimbo mgh, lakini nchi iliyoandikwa ni Msumbiji. Anayekichagua akiwa Masasi hupewa fedha ya metikali badala ya shilingi mpaka abadilishe mwenyewe. Kiyao kina msimbo wake, yao, ila msimbo peke yake hauleti kalenda.

Tafsiri ya menyu na mfano wa Kiswahili

Maneno ya menyu hutafsiriwa katika mafaili ya PO, ambamo kila sentensi ya Kiingereza huwekwa juu na tafsiri yake chini. Watengenezaji huweka mabadiliko yao hadharani siku kwa siku, kila badiliko likiwa na maelezo mafupi ya lililofanyika na jina la aliyelifanya. Kabla ya toleo jipya kuna kipindi ambacho sentensi za programu haziruhusiwi kuguswa, ili watafsiri wapate nafasi ya kuzifikia. Sentensi ya Kiingereza ikibadilika hata kwa neno moja, tafsiri ya zamani hutiwa alama ya shaka na haionyeshwi mpaka mtu aihakiki. Kwa sababu hiyo tafsiri iliyoachwa haibaki ilivyo. Kila toleo hupunguza sehemu yake, na Kiingereza hurudi mahali pake kimyakimya.

Kiswahili kimelipitia hilo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kiliendesha mradi wa Kilinux na kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, iliyojengwa juu ya OpenOffice.org 1.1. Ilikuwa kazi kubwa, maana istilahi nyingi zilibidi kutungwa. Lakini OpenOffice.org 2.0 ilitoka Oktoba 2005, na mwaka 2010 LibreOffice ikajitenga na kufuata njia yake. Kila hatua ilihitaji watafsiri walewale au wengine wakae tena mezani.

Anayetaka lugha yake itangulie si lazima asubiri tafsiri ikamilike. Katika mipangilio ya eneokazi la KDE mtumiaji hupanga lugha kwa foleni, kwa mfano Kiswahili kwanza kisha Kiingereza, na sentensi isiyopatikana katika ya kwanza hutafutwa katika inayofuata. Data za CLDR hazifanyi hivyo: jambo lisilokuwemo katika Kimakonde halichukuliwi kutoka Kiswahili, bali kutoka data za msingi zisizo za lugha yoyote.

Marekebisho

Kwa kuwa CLDR iko wazi, kosa kama la Novemba na Desemba linaweza kuripotiwa na mtu yeyote kupitia mfumo wa taarifa za makosa wa Unicode, na mapendekezo hupigiwa kura katika vipindi maalumu vya kukusanya data. Matoleo hutoka kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Baada ya hapo Qt na maktaba nyingine huchukua data mpya kwa ratiba zao, kisha mifumo kama Debian, ambayo toleo lake imara hutoka takribani kila miaka miwili, huzifikisha kwa watumiaji. Kompyuta isiyosasishwa hubaki na kalenda ileile iliyokuja nayo.