Maji Yanayopotea Shambani (2): Beseni, Hesabu na Ndoo

Juma lililopita tulieleza kuwa maji hutoka shambani kwa njia mbili: mengine hukaushwa na jua udongoni, mengine hunyonywa na mizizi na kutokea majanini. Leo tuone yanavyopimwa.

Kipimo cha uhakika zaidi ni mizani. Huko Kericho, Kenya, watafiti wa chai waliwahi kupanda michai ndani ya tangi la udongo na kulipima uzito. Uzito ulipopungua, walijua maji yaliyotoka. Lakini tangi la namna hiyo ni ghali. Mkulima wa Gishubi, mkoani Gitega, Burundi, anayelima maharage bondeni wakati wa kiangazi, yaani msimu wa C, anahitaji njia nyepesi.

Njia hiyo ni beseni. Lile la vituo vya hali ya hewa ni la chuma, lina kipenyo cha sentimita 121 na kina cha sentimita 25, na hukaa juu ya kichanja cha mbao. Kila asubuhi mpimaji husoma maji yameshuka kiasi gani. Tuseme ni milimita 6. Maji ya beseni hukauka upesi kuliko ya shamba, kwa hiyo tunazidisha kwa 0.7, kiwango cha kawaida, tupate 4.2.

Kisha tunatazama umri wa mmea. Mwaka 1998 FAO ilichapisha vizidishio vya mazao mengi. Kwa maharage machanga ni 0.4, yakishafunika ardhi na kuchanua ni 1.15, yakikaribia kuvunwa ni 0.35. Katika ari moja, milimita 1 ni lita 100. Hivyo kwa siku hiyo maharage machanga yanahitaji kama lita 170, yenye maua 480, na yanayokauka 150. Kwa ndoo za lita 20 ni takriban 8, 24 na 7.

Bondeni kuna jambo la kuangalia zaidi: maji ya chini yakiwa karibu, mizizi hujinywea yenyewe. Chimba hadi kwenye mizizi, finyanga udongo kiganjani, ukishikamana, subiri.

Anayemwaga ndoo 24 kwenye miche anapoteza 16, na jirani aliye chini ya mfereji anazikosa. Kabla ya kufungua maji, tazama kwanza umri wa maharage yako.